Jumlisha Mwaka, Usijumlishe Miaka

Kujumlisha hakumshindi mtu. Mama muuza samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, anajumlisha kichwani huku anaparua changu, na hakosei hata shilingi. Kinachowashinda watu wenye digrii, kompyuta na kiyoyozi ni kujua lini waache kujumlisha na kuanza upya. Ile safu ya ripoti iliyoandikwa "jumla tangu mwaka uanze" ina masharti mawili tu: hesabu ipande mwezi hadi mwezi, na mwaka mpya ukiingia irudi sifuri. Sharti la kwanza kila programu inalitimiza. La pili ndilo linalowafanya wakurugenzi washangilie mauzo ya miaka minne wakidhani ni ya miezi minne.

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote anayetengeneza ripoti hizo, za mauzo, makusanyo ya ushuru, mizigo au wagonjwa, awe na Excel ya zamani au Power BI ya kulipia. Ufuate hata kama bosi anakuharakisha. Hasa kama bosi anakuharakisha.

Kabla hujagusa kibodi, inuka kwenye kiti, nenda kwa aliyeomba ripoti na umuulize: mwaka wako unaanza lini? Atakushangaa. Mwache ashangae, lakini usiondoke bila jibu. Serikali za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai na kuufunga 30 Juni, ndiyo maana bajeti husomwa Juni. Kongo huanza Januari. Kampuni binafsi nyingi hufunga vitabu 31 Desemba. Serikali ya Marekani huanza 1 Oktoba, utaratibu ulioshika tangu 1976, na kwa hiyo kliniki ya Shinyanga au Kisumu inayoendeshwa kwa fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, huripoti mwaka unaoanza Oktoba, huku mganga mkuu wa wilaya ilipo kliniki hiyo akipanga bajeti yake kuanzia Julai. Kampuni ya malori inayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi inaweza kuwa na miaka mitatu katika jengo moja: ya wenye kampuni, ya serikali ya huku na ya serikali ya kule.

Mazao nayo yana miaka yake. Korosho za Mtwara na Lindi huanza kuvunwa Septemba na Oktoba, minada inafunguliwa, na msimu unaendelea hadi baada ya mwaka mpya. Ukijumlisha korosho kuanzia Januari hadi Desemba umechukua mkia wa msimu mmoja ukaushona kwenye kichwa cha msimu mwingine, na bei za misimu hiyo miwili huenda hazifanani kabisa. Mkulima wa Newala au Tandahimba akiambiwa "mwaka 2024 uliuza tani kadhaa" atakuuliza msimu upi, naye ana haki. Kenya, wakulima wa chai walio chini ya KTDA hulipwa bonasi kwa majani waliyopeleka kiwandani kuanzia Julai hadi Juni. Mwaka wa kahawa huanza Oktoba. Kwa hiyo ukiona ripoti ya zao inaanza Januari, uliza nani alisema hivyo, kwa sababu mara nyingi aliyesema ni kompyuta.

Ukishalipata jibu, liandike juu ya ripoti kwa maneno kamili: "Jumla kuanzia 1 Julai 2025 hadi 31 Machi 2026." Nasema kwa maneno kamili kwa sababu mazungumzo haya yanatokea kila mwezi mahali fulani:

"Kijana, hii jumla ni ya hadi lini?"

"Hadi leo, mzee."

"Leo? Mauzo ya jana Arusha yameshaingia?"

"Hayajaingia, mzee. Arusha wanaleta kila Jumatatu."

"Basi ni ya hadi Jumatatu. Kwa Arusha. Na Mwanza?"

Hapo kikao kimekufa, na dakika ishirini zitakwenda kutafuta Mwanza imefika wapi. Tarehe mbili juu ya ukurasa, ya kuanzia na ya mwisho, zingekiokoa. Kama matawi hayaleti takwimu kwa pamoja, kata ripoti nzima kwenye tarehe ambayo tawi la nyuma kabisa limeifikia. Tawi la haraka litalalamika. Lilalamike.

Sasa twende kwenye fomula, ambayo ndiyo sehemu nyepesi.

Katika Excel, tuseme safu A ina mwaka, B ina mwezi na C ina mauzo, na data imepangwa kwa tarehe kuanzia mstari wa 2. Wengi huandika =SUM(C$2:C2) na kuivuta hadi chini. Fomula hiyo inajumlisha vizuri, ila haijui kwamba mwaka umeisha. Ikifika Januari ya mwaka wa pili inaendelea kupanda kama mlevi asiyejua nyumba yake ni ipi. Andika hivi: =SUMIFS(C$2:C2,A$2:A2,A2). Maana yake: jumlisha kila kilicho juu yangu pamoja na mimi mwenyewe, lakini kile tu chenye mwaka kama wangu. Alama ya dola iliyo mbele ya 2 ya kwanza ndiyo inayoshikilia mwanzo usihame. Ukiisahau, mwanzo unashuka pamoja na fomula, na kila mstari utajijumlisha wenyewe peke yake.

Kama mwaka wako unaanza Julai, usipeleke mwaka wa kalenda kwenye fomula hiyo. Tengeneza safu ya mwaka wa fedha kutoka kwenye tarehe: mwezi ukiwa wa 7 au zaidi, ongeza 1 kwenye mwaka. Julai 2025 inakuwa mwaka 2026, yaani 2025/26, na Juni 2026 inabaki humohumo. Kisha tengeneza na namba ya mwezi ndani ya mwaka huo, Julai iwe 1 na Juni iwe 12. Safu mbili hizo zitakuondolea maumivu mengi.

Katika SQL kazi hii hufanywa na SUM ikifuatwa na OVER, na ndani ya OVER unaweka mambo mawili: PARTITION BY mwaka, ndiyo inayorudisha sifuri, na ORDER BY tarehe, ndiyo inayopandisha. PostgreSQL imeruhusu hivyo tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009, SQL Server tangu 2012, na MySQL ilichelewa hadi toleo la 8.0 la 2018. Ukikuta mfumo wa zamani ambamo jumla imeandikwa kwa kuunganisha jedwali na lenyewe, usimcheke aliyeuandika. Huenda hakuwa na njia nyepesi. Lakini kama hifadhidata yako ni ya sasa, futa ule mzigo na uandike mistari miwili.

Kuna mtego hapa ambao hauonekani kwenye data ya miezi, ila unaibuka ukishuka kwenye data ya miamala. Usipoitaja fremu, yaani mistari ipi iingie kwenye jumla, SQL inachukulia RANGE, na RANGE huwapa jumla moja wote wenye tarehe moja. Kama tarehe 14 ina stakabadhi tatu, zote tatu zitaonyesha jumla ya mwisho wa siku, na mhasibu anayezifuatilia mojamoja ataona hesabu imeruka. Andika ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW, na kwenye ORDER BY ongeza namba ya stakabadhi baada ya tarehe ili mpangilio usibadilike kila ripoti inapofunguliwa.

Power BI inayo TOTALYTD, na imeandikwa kwa kudhani mwaka wako unaishia Desemba. Kama unaishia Juni, iambie mwishoni kabisa mwa fomula: "6-30". Inahitaji pia jedwali la kalenda lenye kila siku ya mwaka bila pengo, hata Jumapili, hata sikukuu, hata siku duka lilipofungwa kwa msiba. Jedwali hilo ndilo uti wa mgongo wa ripoti yote na nitalirudia tena. Tableau inayo RUNNING_SUM, na huko pia ni lazima uiagize ianze upya kila mwaka. Isipoagizwa haianzi.

Ukimaliza fomula, tazama miezi yako imejipangaje. Nakuomba sana utazame. Kompyuta isiyoambiwa lolote hupanga majina ya miezi kwa alfabeti, na alfabeti ya Kiswahili inakupa mwaka huu: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, Machi, Mei, Novemba, Oktoba, Septemba. Jumla limbikizi iliyojengwa juu ya mpangilio huo inaanza Agosti, inapita Desemba kabla haijafika Februari, na inaishia Septemba ikiwa na jumla sahihi kabisa ya mwaka. Hicho ndicho kinachotisha: mstari wa mwisho uko sawa, kumi na mmoja ya juu yake ni ya uongo, na mkaguzi anayetazama mstari wa mwisho peke yake atatia saini. Panga kwa namba ya mwezi, onyesha jina.

Kisha kagua vichujio. Mkuu wa mauzo anafungua ripoti, anachagua "Machi hadi Mei", na jumla inaanza kuhesabu Machi kana kwamba kampuni ilizaliwa Machi. Katika SQL hili hutokea kwa sababu WHERE hufanya kazi kabla ya OVER: miezi iliyoondolewa haipo tena wakati wa kujumlisha. Kokotoa jumla kwanza kwenye swali la ndani, lenye miezi yote, ndipo uchuje kwenye swali la nje. Pia zuia jumla isitambae mbele ya leo. Ripoti ya Aprili yenye mstari ulionyooka bapa hadi Desemba inamwambia msomaji kwamba miezi minane ijayo haitauza kitu. Baada ya tarehe ya mwisho ya data, acha patupu. Lakini mwezi wa katikati usiokuwa na mauzo usiuache patupu: tawi la Kigoma lisipouza kitu Aprili, Aprili bado ipo, na jumla yake ni ileile ya Machi. Hapo ndipo jedwali la kalenda linapokulipa, kwa sababu jedwali la mauzo haliujui mwezi ambao hakuna aliyenunua.

Na saa. Mifumo mingi huhifadhi muda kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kila muamala wa 1 Januari uliofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku umeandikwa 31 Desemba. Kwa duka la vifaa vya ujenzi hilo si kitu. Kwa hoteli ya Nungwi, baa ya Westlands au kampuni ya teksi za mtandaoni, saa tatu hizo ni za mauzo makubwa kuliko saa nyingine nyingi za mwaka, nazo zinaangukia mwaka uliokwisha funga vitabu. Badilisha muda uwe wa hapa kabla ya kutoa mwaka kwenye tarehe. Mpangilio huo usigeuzwe.

Nakuja kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote: si kila namba inajumlishika. Mauzo, ndiyo. Makusanyo, ndiyo. Tani zilizopakiwa melini, ndiyo. Lakini mifuko iliyobaki ghalani mwisho wa Januari haijumlishwi na iliyobaki mwisho wa Februari, kwa sababu mingi ni mifuko ileile. Bei ya wastani haijumlishwi. Asilimia haijumlishwi. Idadi ya wateja ndiyo hatari zaidi, maana inaonekana kama inajumlishika: mama ntilie aliyenunua unga Januari, Februari na Machi ni mteja mmoja, na ripoti inayojumlisha wateja wa kila mwezi imemfanya watatu. Wateja wa mwaka wahesabiwe upya, kila mmoja mara moja, kuanzia siku ya kwanza hadi tarehe ya ripoti.

Wahudumu wa kliniki za ARV wanalijua hili kuliko watu wengi wa mabenki. Walioanza dawa robo hii hujumlishwa na walioanza robo iliyopita, na mwisho wa mwaka una walioanza mwaka mzima. Waliopo kwenye dawa hawajumlishwi: ni idadi ya siku ile ya mwisho, na ya robo ya nne ndiyo ya mwaka. Aliyejumlisha robo nne za waliopo ameripoti wagonjwa karibu mara nne ya alionao, na dawa zikiagizwa kwa hesabu hiyo, zitaishia kupitwa na muda kwenye rafu.

Kuna pia jumla ambazo hazipaswi kurudi sifuri. Safu ya salio kwenye taarifa ya M-Pesa ni jumla limbikizi, na 1 Januari haimpokonyi mtu pesa zake. Nyingine hazirudi sifuri wala hazikui milele, zinatembea. Sheria ya VAT ya Kenya inamtaka mfanyabiashara ajisajili mauzo yake yanayotozwa kodi yakifika shilingi milioni 5 katika kipindi chochote cha miezi 12. Anayetazama jumla inayorudi sifuri kila Januari anaweza kuvuka kiwango hicho kati ya Agosti na Machi asijue. Huyo anahitaji jumla ya miezi 12 ya nyuma, inayoongeza mwezi mpya na kudondosha wa zamani.

Ukishapata jumla iliyo sahihi, usiionyeshe peke yake. Chukua duka la unga la jumla. Mwaka huu limeuza mifuko 400 Januari, 350 Februari, 300 Machi na 250 Aprili. Jumla limbikizi: 400, 750, 1,050, 1,300. Ichore. Ni mlima mzuri, unapanda tu, na biashara iliyo chini yake inapungua mifuko 50 kila mwezi. Mwaka jana duka hilohilo liliuza 300, 320, 340 na 360, yaani jumla ya 300, 620, 960 na 1,320. Linganisha mwisho wa Machi: mwaka huu unaongoza kwa mifuko 90, watu wanapeana mikono. Linganisha mwisho wa Aprili: umepitwa kwa 20. Dalili ilikuwepo tangu Februari, kwenye namba za mwezi ambazo hakuna aliyeziweka mezani. Wateja wasiporudisha bidhaa, mstari wa jumla limbikizi hauwezi kushuka: hata biashara ikifa, utanyooka tu. Kwa hiyo weka nguzo za kila mwezi chini yake, ukurasa uleule, bila kumngoja bosi aziombe.

Ulinganifu na mwaka jana nao una adabu zake. Linganisha hadi tarehe ileile, usilinganishe miezi mitatu na nusu ya mwaka huu na minne kamili ya mwaka jana. Kumbuka kwamba hadi mwisho wa Februari mwaka 2024 ulikuwa na siku 60 na 2025 ulikuwa na 59. Kumbuka Pasaka: 2024 ilikuwa 31 Machi, 2025 ilikuwa 20 Aprili, na kwa muuza soda au mwenye mabasi ya Moshi, robo ya kwanza ya mwaka mmoja ilikuwa na msafara wa sikukuu na ya mwingine haikuwa nao.

Na kama unauza sukari, tende, ngano, mafuta ya kupikia au nguo, popote kuanzia Lamu hadi Mtwara, kalenda ya Kiislamu ni lazima iwemo kwenye jedwali lako. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2026 iliingia baada ya katikati ya Februari. Jumla ya hadi mwisho wa Februari 2026 ina takriban siku kumi za mfungo, ya 2025 haina hata moja, na meneja atakayepewa namba hizo mbili bila maelezo atampandisha cheo mtu kwa kazi iliyofanywa na mwezi mwandamo. Ongeza safu mbili kwenye jedwali la kalenda: siku ni ya Ramadhani au siyo, na iko wiki ya ngapi kabla ya Idd. Kisha onyesha ulinganifu mara mbili, kwa tarehe ya kalenda na kwa wiki za Ramadhani.

Fanya kazi hiyo mapema. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na ripoti isiyo na safu hizo haitaweza kuueleza mwaka huo wala utakaofuata.